Redio ya Hezi 25: Safari ya Mnadani Wakati wa Theluji

Magharibi ya jimbo la New York nchini Marekani, kati ya Ziwa Erie na Ziwa Ontario, kuna vyama vya watu wanaokusanya na kutengeneza redio za kale. Watu hao, wengi wao wakiwa wahandisi na mafundi waliostaafu, hukutana mara kadhaa kwa mwaka na kuuziana redio kwa mnada. Mgeni atokaye Afrika Mashariki hushangaa anapoambiwa kwamba baadhi ya minada hiyo hufanywa katikati ya majira ya baridi, wakati ambapo barabara zimefunikwa na theluji na kila mtu angetazamiwa kukaa karibu na moto. Sababu yake si ngumu. Majira ya joto katika sehemu hizo ni mafupi na kazi za nje ni nyingi. Lakini kuanzia Desemba hadi Machi watu hujifungia ndani, naye mwenye karakana ndogo chini ya nyumba yake hushinda humo na chuma chake cha kulehemu. Ipo na sababu ya pili, ya kifizikia, ambayo nitaieleza mbele.

Makala haya yanahusu safari moja niliyoifanya kwenda katika mnada wa namna hiyo, mwezi wa Februari, nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu mjini Buffalo. Nilitaka kupata redio ya valvu ambayo ningeweza kurudi nayo nyumbani kwa ajili ya kufundishia. Redio ya siku hizi imefungwa ndani ya kipande cha silikoni chenye ukubwa wa ukucha, na mwanafunzi akiifungua haoni kitu. Redio ya miaka ya 1930 husomeka kama ramani: hapa wimbi linaingia, hapa linachujwa, hapa linakuzwa, hapa linageuzwa kuwa sauti. Nilikuwa na dola 60 zilizobaki katika posho yangu. Katika orodha ya vitu vya mnada palikuwa na redio moja tu iliyonifaa, nayo ilikuwa karibu na mwisho wa orodha. Na watabiri wa hali ya hewa walikuwa wametangaza kwamba theluji nzito ingeanza kuanguka alasiri ya siku hiyo.

Ziwa na theluji

Mwenyeji wangu, mhandisi mstaafu ambaye ndiye aliyeendesha gari, aliitazama ramani ya upepo kabla ya kuitazama ramani ya barabara. Alifanya hivyo kwa sababu sehemu kubwa ya theluji ya eneo lile hutoka ziwani. Maji hupoteza joto polepole kuliko nchi kavu, kwa hiyo majira ya baridi yanapoanza ziwa huwa bado limeshika joto la miezi iliyopita. Hewa baridi na kavu kutoka Kanada inapopita juu ya maji hayo, tabaka lake la chini hupata joto na mvuke, likawa jepesi, likapanda juu, likapoa, na mvuke ule ukawa theluji. Watabiri wanayo kanuni nyepesi: tofauti ya joto kati ya uso wa ziwa na hewa iliyo kimo cha kilometa 1.5 hivi ikifikia nyuzi 13 za Selsiasi, theluji ya ziwa hutazamiwa.

Jambo la ajabu ni jinsi theluji hiyo inavyojipanga. Mawingu yake hufuata mwelekeo wa upepo na kuwa mkanda mrefu mwembamba. Aliye ndani ya mkanda haoni hata ncha ya gari lake mwenyewe. Aliye kilometa 10 pembeni huota jua. Mwezi wa Novemba 2014 vitongoji vya kusini mwa Buffalo vilipata theluji ya kina cha zaidi ya mita moja na nusu kwa siku chache tu, ilhali sehemu za kaskazini za mji huo huo zilipata sentimeta chache. Watu waliokuwa katika barabara kuu walikwama ndani ya magari yao zaidi ya siku nzima. Dhoruba ya Desemba 2022 ilikuwa mbaya zaidi: watu zaidi ya 40 walipoteza maisha katika eneo la Buffalo.

Kina cha ziwa nacho kina neno lake. Wastani wa kina cha Ziwa Erie ni mita 19 tu, na kwa hiyo ifikapo Februari, katika miaka mingi, sehemu kubwa ya uso wake huwa imeganda. Barafu hiyo hukaa kama kifuniko juu ya chungu, mvuke ukakosa njia ya kutoka, na theluji ya upande huo ikapungua. Ziwa Ontario lina wastani wa kina cha mita 86. Ni nadra sana kuganda lote. Ndiyo sababu siku ile hatari ilikuwa upande wa kaskazini, na mwenyeji wangu alichagua barabara kuu ipitayo mbali kidogo na pwani ya Ontario, ingawa ilikuwa ya kulipia ushuru.

Wanafunzi wa Mwanza, Bukoba na Kisumu wasidhani kwamba haya ni mambo ya ugenini. Usiku nchi kavu inayolizunguka Ziwa Victoria hupoa upesi, na hewa baridi ya nchi kavu huteremkia ziwani kutoka pande zote, hukutana juu ya maji yenye joto, kisha hupanda. Matokeo yake ni zile radi na dhoruba za usiku wa manane na alfajiri ambazo wavuvi wetu wanazijua na kuziogopa. Tofauti ni kwamba huko mvuke hushuka kama theluji na huku hushuka kama mvua.

Gari na barabara

Tuliondoka kabla ya mapambazuko, joto likiwa nyuzi 16 chini ya sifuri. Betri ya gari, kama ajuavyo kila mwanafunzi wa kemia, hutoa umeme kutokana na mmenyuko kati ya risasi na asidi, na mmenyuko wo wote hupungua kasi panapokuwa na baridi. Katika nyuzi 18 chini ya sifuri betri hutoa karibu nusu ya nguvu zake za kawaida, wakati huo huo mafuta ya injini yamekuwa mazito na injini inadai nguvu nyingi zaidi ili iweze kuzunguka. Isitoshe, betri iliyojaa umeme haigandi hata katika baridi kali mno, lakini iliyokwisha umeme, ambayo asidi yake imekuwa karibu maji matupu, yaweza kuganda na kupasuka katika nyuzi 10 tu chini ya sifuri. Maji ya rejeta nayo huchanganywa nusu kwa nusu na kemikali iitwayo ethilini glaikoli, na mchanganyiko huo hauwezi kuganda mpaka nyuzi 37 chini ya sifuri.

Barabarani kazi kubwa hufanywa na chumvi. Chini ya sehemu hizo za New York kuna matabaka mazito ya chumvi yaliyoachwa na bahari iliyokauka zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, na mgodi mmojawapo unachimbwa chini ya Ziwa Cayuga. Malori hunyunyiza chumvi hiyo mbele ya magari mengine. Chumvi ikiyeyuka katika maji hushusha kiwango chake cha kuganda. Mchanganyiko wenye asilimia 23 ya chumvi haugandi hadi nyuzi 21 chini ya sifuri. Hata hivyo hicho ni kipimo cha maabara. Barabarani, joto likishapita nyuzi 10 hivi chini ya sifuri, chumvi ya kawaida hufanya kazi polepole mno, ndipo huongezewa kloridi ya kalsiamu. Nayo chumvi haina shukrani: inayeyusha barafu na inakula chuma cha gari kwa wakati mmoja. Gari la mwenyeji wangu lilikuwa na tundu karibu na kanyagio ambalo kupitia kwalo niliweza kuiona barabara.

Hebu tufanye hesabu ndogo ambayo mwalimu anaweza kuitumia darasani. Gari likifungwa breki, umbali linaokwenda kabla ya kusimama ni kasi kipeo cha pili ikigawanywa kwa mara mbili ya kizigeu cha msuguano na mvutano wa dunia, yaani d = v²/2μg. Katika lami kavu μ ni kama 0.7. Kwa kasi ya kilometa 80 kwa saa, ambayo ni mita 22.2 kwa sekunde, gari litasimama baada ya mita 36. Juu ya barafu μ hushuka mpaka 0.1 hivi, na umbali unakuwa mita 250. Hata ukipunguza kasi hadi kilometa 40 kwa saa bado utahitaji mita 63. Uzito wa gari haumo katika hesabu hii, na hapo ndipo madereva wengi wa magari makubwa hujidanganya.

Kwa nini barafu huteleza? Baadhi ya vitabu vya shule bado vinasema kwamba shinikizo la gurudumu au la kiatu huyeyusha barafu. Ni kweli kwamba shinikizo hushusha kiwango cha kuyeyuka, lakini zinahitajika kama angahewa 130 ili kukishusha kwa nyuzi moja tu. Gurudumu la gari dogo huikandamiza barabara kwa angahewa 2 au 3. Kwa hiyo shinikizo lake haliwezi kushusha kiwango hicho hata kwa sehemu ya kumi ya nyuzi moja, na sisi tulikuwa katika nyuzi 16! Maelezo ya leo yanafuata wazo lililotolewa na Michael Faraday mwaka 1850: molekuli za uso wa barafu hazina jirani upande wa juu wa kuzishika, kwa hiyo hulegea na kufanya utando mwembamba unaokaribia kuwa majimaji. Kadiri baridi inavyozidi utando huo hupungua, na joto la msuguano wenyewe nalo huwa na kazi ndogo. Kwa sababu hiyo barafu iliyo karibu na sifuri ni mtego mkubwa kuliko barafu ya baridi kali.

Nyuma ya kiti palikuwa na blanketi, koleo, mshumaa na mkate. Mwenyeji wangu alinieleza jambo moja tu kwa mkazo: tukikwama, mtu wa kwanza kushuka ataondoa theluji kwenye bomba la moshi. Bomba likizibwa huku injini inanguruma, monoksidi ya kaboni huingia ndani ya gari, nayo haina rangi wala harufu. Kila dhoruba kubwa inaua watu kwa njia hiyo.

Ukumbini

Mnada ulifanyika katika ukumbi wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea, katika mji mdogo mashariki ya Rochester. Redio zilikuwa zikishushwa kutoka katika malori zikiwa na baridi ile ile ya nje, na mara zilipoingia ndani zilianza kutoa jasho. Hewa yenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 30 huanza kuangusha umande juu ya kitu cho chote kilicho chini ya nyuzi 2 hivi. Chasisi za chuma ziling'aa kwa maji. Wazoefu walikataa kabisa kuunganisha redio na umeme kabla ya saa mbili kupita. Wageni walivuta nyaya mara moja, na fyuzi ya meza ya majaribio ilikatika mara mbili kabla ya chai.

Majumbani, mambo ni kinyume chake. Hewa ya nje iliyo nyuzi 10 chini ya sifuri haiwezi kubeba zaidi ya gramu 2.3 hivi za mvuke katika kila meta ya ujazo. Ikiingizwa ndani na kupashwa joto hadi nyuzi 20, ambapo ingeweza kubeba gramu 17.3, unyevu wake unakuwa asilimia 13 tu. Ukavu huo, ukirudiwa kwa miaka 80, huachanisha gundi ya makasha ya mbao na kuyapasua. Lakini ni neema kwa mwalimu wa fizikia: majaribio ya umeme tuli ambayo mjini Dar es Salaam au Tanga hutushinda kwa sababu ya unyevu, kule hutokea yenyewe kila mtu anapovua sweta.

Niliyojifunza kuhusu bei yalinistaajabisha. Redio zilizouzwa ghali kuliko zote zilikuwa ndogo, za rangi ya asali na nyekundu, zilizotengenezwa kwa plastiki iitwayo Catalin karibu na mwaka 1940. Plastiki hiyo ni binamu ya bakelaiti, ambayo Leo Baekeland aliigundua mjini Yonkers, New York, mwaka 1907. Zote mbili hutokana na fenoli na fomaldihaidi, ila Catalin haikuchanganywa na unga wa mbao, na kwa hiyo hupitisha mwanga na kupendeza macho. Ndani yake, hata hivyo, mna sakiti ile ile ya valvu 5 iliyomo katika redio ya dola 15. Makabati makubwa ya mbao ya miaka ya 1930, yenye valvu 10 au zaidi na vipaza sauti vya kutisha, hayakupata mnunuzi, kwa kuwa nani ana nafasi nyumbani mwake? Mnunuzi wa mnadani hununua kasha. Kwa mwalimu hiyo ni bahati njema.

Palikuwa na redio nyingi za valvu 5 za bei nafuu, na msomaji ataniuliza kwa nini sikuchukua mojawapo. Redio hizo, zilizotengenezwa kwa mamilioni, hazina transfoma. Valvu, kwa wale wasiopata kuiona, ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa. Ndani yake utambi hupasha joto kathodi mpaka irushe elektroni, na gridi iliyo katikati huzizuia au kuziruhusu kufika kwenye anodi. Watengenezaji waliziunganisha tambi zote kwa mfululizo: valvu tatu za volti 12.6, moja ya volti 50 na moja ya volti 35. Jumla yake ni volti 122.8, ambayo takriban ni volti za umeme wa majumbani wa Marekani. Ni hesabu ya ujanja kweli kweli, na iliokoa shaba na chuma kingi. Lakini upande mmoja wa waya wa umeme huungana na chasisi, mara nyingine moja kwa moja. Plagi ikigeuzwa, chasisi nzima huwa na umeme, na kinachomkinga mtu ni kasha la plastiki na vifundo tu. Kifundo kimoja kikipotea, msumari wake unaweza kumuua mtoto. Mbele ya wanafunzi 40 wenye hamu ya kugusa, kifaa cha namna hiyo sikitaki, na ningewashauri walimu wenzangu wasikipokee hata wakipewa bure.

Namba iliyo kwenye kibandiko

Redio niliyoitaka ilikuwa Philco ya mezani ya miaka ya 1930, yenye valvu 5 na transfoma. Kitambaa cha kipaza sauti kilikuwa kimeraruka na kifundo kimoja hakikuwapo. Thamani yake kwangu ilikuwa katika kibandiko cha nyuma, kilichosema kwamba redio inatumia volti 115, mizunguko 25 hadi 60 kwa sekunde.

Umeme wa Marekani ni mkondo geu wa hezi 60, na wetu ni wa hezi 50. Tofauti hiyo huonekana ndogo, na watu wengi hudhani kwamba ukishapata kigeuzi cha kushusha volti 230 hadi 115 mambo yamekwisha. Hayajakwisha. Katika transfoma volti, idadi ya mizunguko ya waya na fluksi ya sumaku inayopita katika kiini cha chuma huhusiana hivi: V = 4.44 f N Φ, ambapo f ni hezi. Kama V na N hazibadiliki, f ikishuka kutoka 60 hadi 50, Φ lazima ipande kwa asilimia 20. Kiini kilichopimwa kwa ubahili ili kitoshe hezi 60 hushiba sumaku. Baada ya hapo mkondo huongezeka kwa kasi, waya huchemka, na transfoma yenye umri wa miaka 80 huungua. Transfoma iliyotengenezwa kwa hezi 25 lazima iwe na kiini kinene zaidi ya maradufu. Ukiipa hezi 50, hubeba nusu tu ya fluksi inayoiweza.

Hezi 25 zilitoka wapi? Zilitoka kwenye maporomoko ya Niagara, karibu na hapo tulipokuwa. Kituo cha kwanza kikubwa cha umeme cha maporomoko hayo kilianza kazi mwaka 1895, na mwezi wa Novemba 1896 umeme wake ulifika Buffalo. Mitambo ya maji ilikuwa imekwisha kuchaguliwa izunguke mara 250 kwa dakika, na jenereta zilikuwa na ncha za sumaku 12, yaani jozi 6. Zidisha 6 kwa 250, gawanya kwa 60, utapata 25. Kasi ya gurudumu la maji ndiyo iliyoamua umeme wa mamilioni ya watu. Kusini mwa Ontario, ng'ambo ya mto katika Kanada, hezi 25 ziliendelea kutumika majumbani mpaka zilipobadilishwa katika mradi mkubwa wa miaka ya 1949 hadi 1959. Taa zilitetemeka kidogo, na redio zilihitaji transfoma nzito. Wakusanyaji hawazipendi kwa uzito wake. Kwangu mimi, mtu wa nchi ya hezi 50, hiyo ndiyo ilikuwa redio pekee ukumbini ambayo ingeweza kuishi Dar es Salaam bila kulazimishwa.

Saa sita mchana upepo uligeuka, na habari zikaja kwamba mkanda wa theluji unashuka kutoka Ontario. Watu walianza kupakia. Ni desturi ya minada hiyo kwamba mnunuzi anaweza kumwomba mnadi akitangulize kitu fulani, naye mnadi, alipokwisha kutazama dirishani, alikubali. Nusu ya viti ilikuwa mitupu. Mtu mmoja alianza na dola 20, nikasema 25, akasema 30, nikasema 35. Alitazama saa yake, akatikisa kichwa.

Usiku na mawimbi

Njiani theluji ilitukuta. Tulitembea nyuma ya lori la kusukuma theluji kwa kasi ya kilometa 30 kwa saa, kisha tukasimama katika kituo cha mapumziko cha barabara kuu mpaka mkanda ule ulipohama. Tulipoanza tena safari jua lilikuwa limekuchwa, na mwenyeji wangu alifungua redio ya gari katika masafa ya kati. Hapa ndipo ilipo ile sababu ya pili niliyoiahidi.

Mchana, tabaka la chini la ionosfia, liitwalo tabaka la D, humeza mawimbi ya masafa ya kati, na stesheni husikika karibu tu. Jua likichwa tabaka hilo hutoweka kwa muda mfupi, na mawimbi hufika kwenye matabaka ya juu na kurudishwa duniani mamia ya kilometa mbali. Tulisikia Boston katika kilohezi 1030, Cincinnati katika 700, na Nashville katika 650. Majira ya baridi usiku ni mrefu na radi, ambazo ndizo chanzo kikubwa cha mikwaruzo redioni, ni chache. Kwa hiyo kabla ya televisheni, majira ya baridi yalikuwa majira ya redio, na wapenzi wa redio za kale huendelea kuyafuata.

Kwetu karibu na ikweta usiku una urefu ule ule mwaka mzima na radi hazikosekani. Masafa ya kati hapa hupata mikwaruzo mingi, na ndiyo maana utangazaji wa nchi za joto ulitengewa masafa mafupi maalumu, kati ya kilohezi 2300 na 5060. Redio kama Philco yangu haikukusudiwa kwa ajili yetu. Iliyokusudiwa ilikuja mwaka 1949, pale Harry Franklin, afisa habari wa serikali ya kikoloni katika nchi ambayo leo ni Zambia, alipokipata kiwanda cha Ever Ready cha Uingereza kikubali kutengeneza redio ya betri ya masafa mafupi, yenye valvu 4, ndani ya kasha la aluminiamu lenye umbo la sufuria. Iliuzwa pauni 5, na betri yake ilidumu saa kama 300. Kijijini hapakuwa na umeme wa hezi 25 wala wa hezi 60. Kama kuna mwalimu ajuaye mahali ambapo redio moja ya namna hiyo bado imewekwa darini, ingefaa makumbusho zetu zaidi kuliko mnunuzi wa ng'ambo.

Kuiwasha

Redio ilisafiri nami katika sanduku, valvu zikiwa zimefungwa moja moja katika soksi. Sikuiwasha ilipofika, na asiiwashe mtu ye yote redio ya kale kabla ya kazi zifuatazo kufanywa, zikisimamiwa na mwalimu au fundi. Kapasita za karatasi na nta huwa zimevuja. Zile za kemikali huwa zimekauka. Nilizibadili zote, hasa ile moja ipelekayo ishara kwenye gridi ya valvu ya mwisho, kwa sababu ikivuja huiunguza valvu hiyo na kipaza sauti pamoja. Kisha niliiunganisha redio kwa mfululizo na balbu ya wati 100. Kama mna hitilafu ndani, balbu huwaka sana na kuzuia mkondo; kama redio ni nzima, balbu hung'aa kidogo kisha hufifia. Ndani ya redio kama hii mna volti 250 au zaidi za mkondo mnyoofu, na kapasita huzitunza hata baada ya plagi kung'olewa. Mafundi wa zamani waliweka mkono mmoja mfukoni, na desturi hiyo naidumisha katika maabara.

Sasa wanafunzi wa mwaka wa kwanza huifuatilia kwa osiloskopu. Wakiitega kwenye ishara ya kilohezi 1000 kutoka katika jenereta ya mezani, huikuta redio yenyewe ikizalisha kilohezi 1460. Wakiitega kwenye 800, huzalisha 1260. Tofauti daima ni 460. Huo ndio ufumbuzi wa Edwin Armstrong wa mwaka 1918, kugeuza kila stesheni iwe ya masafa mamoja yasiyobadilika ili kuichuja na kuikuza kwa urahisi. Karibu kila kipokezi cha redio kilichokuja baadaye kilitumia mpango huo, na hapa unaonekana waya kwa waya.

Siku ya kwanza tuliiacha iwake kwa saa nzima kwa umeme wa hezi 50. Kisha tuliichomoa, tukatoa umeme uliobaki katika kapasita, na mwanafunzi mmoja akaweka kiganja chake juu ya kiini cha transfoma. Kilikuwa na joto la kikombe cha chai kilichosahauliwa mezani.